Nyumba Inafunga

Siku tangazo lilipobandikwa kwenye mlango wa jiko, Nyumba Kubwa ilikuwa katika siku ya pili ya kimya, kwa hiyo hakuna aliyeuliza neno. Mpishi alilisoma akiwa ameshika sufuria, akatikisa kichwa, akaingia ndani. Mlinzi alilisoma akarudi langoni kwake. Binti wa mtunza bustani alilisoma mara tatu, kapu la mashuka kiunoni, akichezesha midomo bila kutoa sauti. Ndivyo alivyozoea kusoma, na isitoshe sauti yenyewe ilikuwa imepigwa marufuku mpaka Jumamosi.

Wageni walikuja pale kufanya mafungo. Walifika na magari yao, wakaacha simu kwenye kikapu cha mapokezi, wakapewa funguo za vyumba vyenye majina badala ya namba: Subira, Toba, Shukrani, Tumaini. Kwa siku sita hawakusema. Walitembea bustanini mikono nyuma, walikula huku wakisomewa zaburi, na asubuhi waliketi katika kanisa dogo ambalo zamani, enzi za tajiri aliyeijenga nyumba ile ya mawe, lilikuwa ukumbi wa dansi. Wafanyakazi nao walitakiwa kunyamaza kila mahali isipokuwa kwenye vyumba vyao vya uani. Kwa binti huyo haikuwa adhabu. Hata siku za kawaida maneno yake yalihesabika, ndiyo maana mpishi alimbatiza jina la Bi Kelele.

Tangazo lilikuwa limepigwa chapa, mistari michache tu. "NYUMBA INAFUNGA. Wafanyakazi wote wanaarifiwa kwamba Nyumba itafunga mwisho wa mwezi huu. Kila mmoja alete maombi yake ofisini, kwa maandishi, kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa. Maombi yataje jina, kazi, miaka ya utumishi na hali ya mwombaji. Yatakayochelewa hayatapokelewa."

Hakuna neno hata moja lililomshinda. Aliachia shule darasa la tano, lakini kusoma hakukumwacha, na katika familia yao yeye ndiye aliyekuwa macho ya kila karatasi. Alilishika lote kwa moyo, akaenda kuwapelekea wazazi wake kama mtu anayebeba maji mikononi, asidondoshe tone.

Wala halikuwa jambo geni. Kila mwaka Nyumba Kubwa ilikuwa inafunga siku tatu. Jiko lilizimwa, Mchungaji mwenyewe alikunywa maji matupu, na wafanyakazi waliandika maombi yao kwenye vikaratasi, vikawekwa mbele ya msalaba na kuombewa kimoja kimoja. Mwaka juzi mlinzi aliomba mke, akapata. Mwaka jana aliomba amani nyumbani, na hiyo alikuwa bado anaingojea.

*

Chumba chao kilikuwa nyuma ya mahali pa kufulia, katika jengo lililokuwa zizi la farasi. Kilikuwa na vitanda viwili, pazia katikati, meza moja, na dirisha lililowekwa juu sana kwa sababu farasi hahitaji kuona nje. Hakikuwa chao. Kilikuwa cha mtunza bustani, yeyote awaye. Mama na binti walifua na kupiga pasi mashuka ya vyumba ishirini na vinne, lakini katika daftari la ofisi waliandikwa "wasaidizi", na msaidizi hapewi chumba.

"Nisomee tena pale mwisho," mama alisema, akikunja foronya.

"'Yatakayochelewa hayatapokelewa.'"

"Tangu lini sala ikachelewa?"

"Ndivyo walivyoandika, mama."

"Labda waombaji wamekuwa wengi. Siku hizi kila kitu foleni."

"Na wanataka jina na kazi."

"Hapo wamefanya vizuri. Mungu ana watu wengi, asije akampa mwingine."

Baba alicheka. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, kofia gotini, uso ameuelekeza mlangoni mahali mwanga ulipokuwa unaingilia. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mabega ya kubebea magunia, na ungemtazama kwa mbali usingejua kitu. Jicho lake la kushoto lilizimika mwaka juzi. La kulia lilibaki na mwanga tu, kama taa iliyofunikwa kitambaa. Aliweza kujua kuna mtu mbele yake, asijue ni nani.

Hakuna aliyefahamu zaidi ya hao watatu. Alfajiri mama alikata wigo, binti akapalilia na kuokota majani. Wageni walipoamka, baba alichukua mkasi mkubwa akasimama kando ya wigo uliokwisha kukatwa, akawa anapunga hewa. Kumwagilia aliweza mwenyewe, kwa kusikia maji yanavyobadilisha mlio yakitoka kwenye majani kuingia udongoni. Binti alianika mashuka karibu naye. Kikohozi kimoja maana yake mgeni anakuja, viwili Mchungaji. Mgeni mmoja bibi aliwahi kumletea dawa ya kifua.

"Andika afya," baba alisema. "Afya inatosha."

"Afya ya nani? Ombi la jumla hujibiwa kijumla," mama akajibu. "Mwaka jana tuliomba afya, nikapona jino mimi."

"Kwani huyo Mungu unayetaka kumwandikia hajui?"

"Anajua. Hata mtoto akiwa na njaa mama yake anajua, lakini si mpaka alie?"

"Na karatasi nani ataisoma?"

"Mchungaji peke yake. Akishaombea inachomwa. Mwaka gani uliwahi kusikia ombi la mtu limetembea?"

Baba alifikiri. "Sijasikia."

"Basi."

"Mimi sijasema ndiyo."

"Hukusema hapana."

"Nimesema hapana mara tatu tangu mchana."

"Ulisema kwa sauti ndogo," mama alisema, akamsogezea binti taa na kalamu.

Binti aliandika kwenye ukurasa alioukata kwa uangalifu kutoka daftari la zamani. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa herufi za mviringo zilizoshikana mikono. Aliandika jina la baba, kisha akaandika anayotamkiwa: "Ni mtunza bustani wa Nyumba hii, miaka kumi na tisa. Naomba Mungu anirudishie macho. La kushoto lilizimika mwaka juzi, la kulia linaona mwanga tu. Kazi yangu inafanywa na mke wangu na binti yangu alfajiri, na mimi husimama na mkasi ili nionekane nipo kazini."

Akasita. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akaongeza mstari wake mwenyewe: "Naomba nisigundulike kabla sijapona, kwa sababu chumba tunachokaa ni cha mtunza bustani, na hatuna pengine. Amina."

Aliwasomea yote. Mama alisema limekaa vizuri. Baba akauliza, "Hapo pa mkasi, hamwezi kupapunguza?"

"Sala haipunguzwi," mama alisema.

*

Asubuhi yake aliipeleka ofisini. Karani alikuwa mwanamke nadhifu mwenye miwani ya mnyororo, mpole kwa kiasi ambacho ofisi inaruhusu. Aliipokea karatasi, akaifungua, akaanza kuisoma. Nyusi zake zilipanda juu ya miwani, zikakaa huko.

Binti alishangaa kidogo. Miaka mingine karani hakufungua. Alidondosha kikaratasi kikapuni kikiwa kimekunjwa. Halafu karani alivuta mhuri, akaupuliza, akaugonga chini ya neno Amina. Akaandika tarehe, akatoboa karatasi matundu mawili, akaitia kwenye faili jekundu pamoja na karatasi nyingine nne.

Swali lilimpanda binti mpaka kooni. Mbona mhuri? Alifungua mdomo. Nje ya dirisha wageni wawili walikuwa wanapita na Biblia zao, na karani aliwaona, akaweka kidole midomoni, akamtazama kwa macho ya huruma. Binti akafunga mdomo. Aliona aibu hata ya kuufungua. Akaondoka kwa ncha za vidole, akijiambia kwamba labda mwaka huu mambo yamewekwa kwenye utaratibu, na kwamba ile huruma machoni mwa karani ni dalili njema, maana mtu aliyekuhurumia atakuombea.

Mama naye aliona hivyo. "Ombi kama hili haliwezi kusubiri mwisho wa mwezi," alinong'ona wakiwa wanakamua shuka, kila mmoja upande wake. "Tutangulie sisi. Tufunge kuanzia leo mpaka Ijumaa, wenzetu watatukuta njiani."

Walifunga. Siku ya kwanza haikuwa na neno. Siku ya pili mvuke wa pasi ulimfanya binti ashike ukuta. Mpishi alikuwa na kawaida ya kuwaachia mkate na supu kwenye kidirisha cha jiko saa saba. Alipoona bakuli zinarudi zimejaa aliwachungulia, akaweka kiganja kifuani, akainamisha kichwa. Kesho yake akaongeza yai. Yai nalo likarudi. Mpishi alilishika mkononi, akamtazama binti muda mrefu, machozi yakimlengalenga, na binti akawaza kwamba kumbe mtu yule mwenye maskhara yote yale ana roho ya ibada.

Baba ndiye aliyeumia zaidi, kwa kuwa alikuwa hasubiri tu chakula. Ijumaa alipotoka nje alisimama katikati ya ua, akageuza uso kulia na kushoto taratibu, kama mtu anayejaribu ufunguo. Mama na binti waliacha kuanika. Kisha aliinama akatafuta mpira wa maji kwa mguu.

*

Jumamosi, baada ya kifungua kinywa, kengele iligongwa na kimya kikaisha. Sauti zilimwagika kutoka chumba cha kulia kama maharage kutoka kwenye gunia lililopasuka. Watu ambao kwa siku sita walikuwa wamepeana chumvi kwa ishara sasa waliulizana wanatoka wapi, wana watoto wangapi.

Mpishi alimkuta binti kwenye ngazi za jikoni, akamshika bega.

"Bi Kelele, poleni sana. Niliona hamli, nikasema huzuni imewaziba koo. Mimi mwenyewe usingizi umenikimbia."

"Ahsante," binti alisema. "Lakini si huzuni."

"Si huzuni?"

"Tulikuwa tumefunga."

"Mmefunga nini?"

"Tumefunga. Tumetangulia. Si Nyumba inafunga mwisho wa mwezi?"

Mpishi aliweka chini beseni lake. Alikuwa mtu wa kucheka kabla ya kufikiri, na kicheko kilianza kweli, kikaonekana kwenye tumbo, kikafia hapo.

"Mwanangu," alisema, na hakuwa amewahi kumwita hivyo. "Nyumba inafunga kama duka linavyofunga. Kufuli. Imeuzwa. Wenye mali wapya wanataka kuifanya hoteli ya maharusi."

Binti alimwangalia mdomo kana kwamba maneno yangeweza kurudi mlemle yalimotoka.

"Na maombi?"

"Maombi ya kazi. Nani anataka kubaki, nani anaweza nini. Mimi nimejaza kurasa mbili, nimesema uongo mahali panne. Nimesema najua keki za ghorofa." Akapunguza sauti. "Ninyi mmepeleka?"

"Tumepeleka."

"Afadhali. Mmeomba nini?"

Binti alikuwa ameshaanza kukimbia.

Karani alimsikiliza mpaka mwisho, jambo lililochukua muda, kwani maneno yalikuwa yanatoka moja moja. Kisha akavua miwani, ikaning'inia kifuani.

"Nilipoisoma nilisema hawa watu wana ujasiri," alisema. "Nilidhani mmeamua kujisalimisha wenyewe, mkategemea wema wa mtu. Ningejua."

"Naomba unirudishie, shangazi. Nitaandika nyingine sasa hivi."

"Karatasi ikishagongwa mhuri si yako tena, mwanangu. Na faili halipo hapa. Meneja mpya amefika asubuhi, ameliweka mbele yake maktaba. Saa tisa anaanza kuwaita."

Mchungaji alikuwa amesimama mlango wa ndani. Hawakujua amesikia kiasi gani. Alikuwa mzee mwembamba, sweta lake limetoboka kiwiko, na wiki hiyo alikuwa amezeeka zaidi.

"Nilikusudia kuwaambia mwenyewe," alisema. "Kwa mdomo. Kimya kikishaisha. Halmashauri ya kanisa ndiyo iliyoharakisha tangazo." Akavuta sweta lifunike kiwiko. "Ombi lenu nililiona. Jumatano. Nimeliombea kila siku."

Mama alikuwa amefika nyuma ya binti yake, mikono ikichuruzika povu. Mpishi alikuwa amemweleza.

"Uliliombea, Mchungaji," mama alisema taratibu, "na ukaliacha liende?"

Mchungaji alitazama mikono yake. "Lilikuwa na mhuri tayari," alisema.

*

Walimwambia baba nusu. Mama ndiye aliyeamua. Alimkalisha kitandani, akamwambia nyumba imeuzwa, wenye mali wapya wana meneja wao, na wanaitwa saa tisa kuulizwa habari za kazi.

"Na macho?"

"Hawajui."

"Ile karatasi?"

Binti alivuta pumzi. Mama alimkanyaga mguu.

"Ile ilikuwa sala," mama alisema. "Imekwenda ilikokwenda. Simama nikuvalishe shati."

Alipotoka kuchota maji ya kumnawisha, binti alimfuata mpaka bombani.

"Mama, atafika pale hajui."

"Nataka aingie amenyooka. Hata dakika tano. Pengine huyo bwana hajasoma zote, watu wakubwa hawasomi. Pengine atamwona mtu mwenyewe, atasahau karatasi." Alifunga bomba. "Ukimwambia sasa hataingia, na asiyeingia hana hata bahati ya kukataliwa."

Maktaba ilikuwa na kuta mbili za vitabu, ukuta mmoja wa madirisha marefu, na meza ambayo tajiri wa zamani aliiagiza kabla hata ya kuagiza vitanda. Meneja mpya alikuwa kijana, hana hata miaka thelathini na tano, mwenye sauti ya chini. Aliinuka walipoingia, akawapa viti. Baba alikuwa ameingia mkono wake umegusa kidogo tu mgongo wa mama, kama mume anayemtanguliza mkewe kwa heshima. Kiti alikipata kwa goti. Akakaa vizuri kabisa.

"Karibu, mzee. Nasikia una miaka kumi na tisa hapa."

"Kumi na tisa na miezi," baba alisema. Sauti yake ilikuwa imara, na binti aliitambua kuwa ni ile ya zamani. "Bustani hii nimeikuta pori. Ule wigo nimeupanda mwenyewe, mche kwa mche. Sijisifu, bwana meneja, wewe mwenyewe si unaona." Akanyoosha mkono, kwa madaha ya mwenye mali. "Ukikaa hapo ulipo unaupata wote mpaka kisimani."

Alikuwa anaonyesha ukuta wa vitabu.

Meneja alitazama vitabu, akatazama faili lililofunguliwa mbele yake, akalifunga taratibu kama mtu anayefunika kidonda cha mwingine.

"Mzee," alisema, "nimesoma barua yako."

"Barua gani?"

Meneja alimgeukia mama, kisha binti, akaelewa, na uso wake ukaonyesha kwamba angependa sana siku hiyo awe na kazi nyingine.

"Hii iliyoletwa Jumatano. Nimesoma barua tano leo. Nne zimejaa uongo, najua. Hii peke yake ndiyo ya kweli." Akaweka kiganja juu ya faili. "Na hii peke yake ndiyo siwezi kuipokea. Kuna ngazi, kuna mashine za kukatia majani, kutakuwa na watoto wa wageni. Ningekuwa sijui, ningekuwa sijui. Lakini imeandikwa, ina mhuri, nakala imekwenda kwa wenye mali."

Mkono aliokuwa ameunyoosha, baba alikuwa ameushusha gotini, nao ukawa unatafuta kofia ambayo hakuja nayo.

"Ilikuwa sala," alisema hatimaye.

"Naambiwa hivyo. Samahani sana."

"Mimi nafua," mama alisema. "Mikono yangu haina kasoro. Andika mimi."

"Mashuka yatafuliwa mjini, mama. Kuna kampuni. Itakuja na gari lake." Akavuta tena ile karatasi, akaigeuza upande wa binti. "Huu mwandiko ni wa nani?"

Binti alitazama sakafu.

"Ni wa huyu," mama alisema.

"Kutakuwa na stoo ya mashuka, vyombo, vitu vya maharusi. Ninahitaji mtu wa kuandika kinachotoka na kinachorudi. Mtu asiyeweza kuandika uongo hata ukimlipa." Alitabasamu, kisha akaona tabasamu halina pa kukaa, akalirudisha. "Mshahara ni mdogo mwanzoni. Kuna kitanda, kwenye chumba cha wasichana sita. Kile cha zizi kitabomolewa. Tunahitaji maegesho."

"Sisi tuondoke lini?" mama aliuliza.

"Mwisho wa mwezi. Kama wote."

Binti alitaka kusema hapana. Alilipanga neno lile moja tu, halina hata herufi nyingi, akalifikisha kwenye meno. Aliwaza juu ya mjomba wake, kaka wa mama, mwenye vyumba viwili na watoto wanane, ambaye siku zote alisema karibuni kwa namna inayokufanya uage. Akawaza nani atakayemkoholea baba katika nyumba ya watu kumi.

"Atafanya," mama alisema. "Lini anaanza?"

"Mama," binti alinong'ona.

"Nyamaza. Mmoja akiwa na kitanda si wote wamelala chini." Aliinuka, akamwinamia meneja. "Tunashukuru. Mimi nabaki hapa niweke kidole kwa niaba yake, kama kuna pa kuweka. Wewe mpeleke baba yako."

*

Njia ya haraka ya kurudi uani ilipita mbele ya nyumba, katikati ya majani. Baba alitoka mlango wa maktaba mwenyewe, akiwa amenyooka. Nyuma yao meneja, kwa wema wake wote, aliita, "Angalia ngazi, mzee, ziko tatu," na baba, aliyezifagia ngazi zile kwa miaka kumi na tisa, alisimama pale juu kama mtu aliyepigwa kibao.

Akatafuta bega la binti yake. Hakuwahi kulishika hadharani hata siku moja. Alilishika kwa mkono mzima, kwa uzito wake wote, wakashuka.

"Mhuri," alisema baada ya hatua kumi. "Wewe uliuona ule mhuri?"

"Niliuona, baba."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza."

Alitikisa kichwa, si kwa hasira. Alimjua mwanawe. Walikwenda hatua nyingine, na pumzi yake ikaanza kukatikakatika.

"Kuna watu?" aliuliza.

Baraza yote ilikuwa imejaa. Wageni walikuwa wamepewa chai ya kuagana, wamesimama na vikombe vyao wakiongea kwa furaha, mizigo miguuni. Waliokuwa karibu walimwona mtunza bustani, yule mzee mrefu wa mkasi, akitembea ameshika bega la msichana kama kipofu. Wakaacha kuongea, na walio nyuma yao wakaacha, mpaka ukimya ukafika mwisho wa baraza. Yule bibi aliyeleta dawa ya kifua alifunika mdomo kwa kitambaa. Hata mpishi alikuwa pale, na birika mkononi.

Binti aliwatazama wote.

"Hakuna mtu, baba," alisema. "Wameshaondoka."

"Wote?"

"Wote."

"Basi tusimame kidogo," baba alisema. "Kama hakuna mtu."

Akasimama katikati ya majani, uso wake ameuelekeza barazani bila kujua, akaliachia bega la binti yake, akajifunika macho kwa mikono yote miwili, akalia kwa sauti, kama anavyolia mtu aliye peke yake.